Unga wa Mtama Jumbani kwa Sultani

Mama alikuja Ruangwa bila kuniarifu, akanikuta kwenye cherehani natia zipu kwenye suruali ya mteja, akakaa kwenye kigoda na kusema tunakwenda kwa Sultani. Hakuuliza kama nina nafasi. Mama haulizi mambo ya namna hiyo. Alikuwa anatoka Malolo, kwa binti yangu aliyejifungua mtoto wa kike, na mtoto mwenyewe bado alikuwa anaitwa Mgeni kama watoto wote ambao hawajapewa jina.

"Yule ntoto ndiye wa lile jina," akasema.

Nikaiacha suruali ya watu. Lile jina nilikuwa nalijua kwa kutolijua. Kwetu majina ya kike hupita upande wa mama. Mtoto hupewa jina la bibi aliyekufa, lakini halifunguliwi hivi hivi. Mtu huenda kwenye kaburi la mwenye jina, akamwaga unga, akamwambia kuna mtoto amezaliwa na tunaomba tumwite kwa jina lako. Majina yote ya ukoo wetu yameshazunguka hivyo, mengine zaidi ya mara moja. Limebaki moja ambalo mwenyewe hana kaburi, maana alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa akiwa kwenye shamba la mtama, zamani hizo, akapelekwa pwani na kuvushwa bahari.

Habari iliyorudi ni moja tu. Mtu mmoja aliyebahatika kurudi alisema alimwona Unguja, kwenye jumba la Sultani, lile la shamba, lenye bafu la mawe na bustani kubwa, anachota maji. Basi. Tangu hapo jina lake limefungwa. Halitamkwi nyumbani wala shambani. Analijua mwanamke mmoja tu kwa zamu yake, pamoja na maneno ambayo mama wa yule aliyechukuliwa aliagiza apelekewe. Mwanamke huyo akikaribia kufa humnong'oneza binti yake, naye hukaa nayo mpaka zamu yake iishe. Zamu ilikuwa ya mama. Mimi, bintiye, nina mvi na sikuwahi kulisikia.

"Si uninong'oneze tu," nikamwambia. Kifua kilikuwa kimemlaza masika nzima, na nilikuwa naogopa safari hiyo.

"Kunong'ona wamenong'ona wote walionitangulia. Miye sikurithishi nzigo. Nakwenda kumpa mwenyewe."

Nikamweleza kwamba masultani walikuwa na majumba mengi kule, tena mengine yamebaki magofu. Akatoa simu ya kijana wa jirani, aliyokuwa ameiazima kwa kazi hiyo, akanionyesha picha: jumba jeupe lenye nguzo, bafu la mawe, bustani. Nikauliza kama ana uhakika ndilo. Akasema ameamua kuwa ni hilo.

"Na kama siyo?"

"Wafu wa Unguja hawajuani? Watapelekeana habari."

Kwa mantiki hiyo ungebishana na nani? Nikafunga cherehani.

Unga aliutwanga mwenyewe, kijijini kwake Lionja, kwa mtama wa shamba lake. Unga wa kazi hiyo hautoki mashineni. Akaufunga kwenye kipande cha kanga, fundo juu ya fundo, akauweka kwenye mkoba wake na mkoba akauweka mapajani. Kisha akanipa sharti, na sharti lenyewe lilikuwa kama limetungwa kwa ajili ya kunikomoa. Wanaosafiri na unga ule hawagombani. Si wao kwa wao, si na mtu baki. Maneno makali yakitoka midomoni mwao, unga umeharibika, ni wa kuwapa kuku.

Sasa mimi watu wa Ruangwa wananijua. Mteja akija na kipande kidogo cha kitambaa akataka nimtolee gauni refu na kilemba chake, namwambia ukweli wake palepale. Fundi mwenzangu husema mdomo wangu ungekuwa sindano ungeshona magunia. Mama alinitazama usoni na kusema, "Ni wewe ndiye nnayekuogopa."

Kwa hiyo nilisafiri kutoka Ruangwa hadi Dar es Salaam nikiwa mtu mwema. Kwenye basi mwanaume mmoja alininyang'anya nafasi yangu ya dirishani, akaweka gunia lake miguuni kwangu, kisha akalala akaniegemea bega. Nilipofungua mdomo, mama alinifinya paja. Pale bandarini, mkaguzi wa mizigo aliutoa unga, akaunusa, akauliza kwa nini tunapeleka unga Unguja, kwani kule hawali? Akacheka na mwenzake. Nilikuwa na jibu zuri sana. Nililimeza, na mama akasema kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, "Ni wa uji wa ndugu yetu, mwanangu. Ni ntu nzima." Tukapita.

Kwenye boti mama alitapika tangu tulipoiacha Dar mpaka tukafika. Mkoba hakuuachia. Nilipotaka kumpokea alinitolea macho, nikarudisha mkono.

Tulifikia kwa mwanamke wa kwetu, mtoto wa jirani yetu wa Lionja aliyeolewa Unguja na kuzoea. Alitupikia wali wa nazi, akatuuliza habari za nyumbani zote mpaka za mbuzi. Aliposikia tunakwenda kutembelea jumba la kifalme alifurahi, akadhani tumeanza kuwa watalii. Asubuhi yake alitusindikiza hadi kwenye geti, akatuachia maelekezo ya kurudi.

Jumba lilikuwa jeupe kweli, ingawa ukilisogelea unaona chokaa imevimba na kubanduka. Mbele lina ngazi pana na milango ya mbao iliyochongwa maua mpaka unajiuliza fundi alikuwa anakula saa ngapi. Wazungu walikuwa wanapiga picha, wengine wamevaa kaptula, na watoto wa shule wamepangwa mstari wakikaripiwa na mwalimu wao. Mimi nilikata tiketi dirishani, nikageuka kumwita mama, nikamkuta amevua ndala, amekaa chini mbele ya ngazi, miguu ameinyoosha, mkoba mapajani.

"Hodi!" akaita.

Watalii wakageuka. Mtembeza wageni, mwanaume wa makamo mwenye kanzu safi na kofia iliyodariziwa, akaja mbio akidhani kuna mtu ameanguka. "Karibu, bi mkubwa. Karibu ndani."

"Ahsante. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Hapana. Mie natembeza wageni."

"Basi nnangoja mwenye nyumba."

Kwetu huingii kwenye mji wa mtu mkubwa ukajitembeza. Unakaa chini nje, unapiga hodi, mpaka mtu wa nyumba ile atoke akupokee. Zaidi ya hayo, mama alikuwa na unga, na unga haumwagwi kwenye nyumba ya mtu bila ya mwenyewe kujua. Mtembezaji alimweleza kwa adabu kwamba mwenye nyumba hayupo. Mama akauliza anarudi lini. Akaambiwa masultani walishaondoka, siku nyingi. Mama akauliza sasa anayepokea wageni ni nani. Akaambiwa ni serikali. Mama akatazama huku na huku, akasema aitwe basi huyo serikali.

Watoto wa shule walicheka mpaka mwalimu wao naye akashindwa kujizuia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na tiketi mkononi, jua linanichoma, nasikia aibu, na wakati huohuo namwona mama yangu ana haki. Nyumba gani hii ambayo kila mtu anakukaribisha na hakuna mwenyeji? Mwishowe mtembezaji alichuchumaa mbele yake, akasema yeye ndiye aliyekabidhiwa funguo, na kwao mwenye funguo ndiye mwenyeji kwa siku hiyo. Mama akalipima neno lile. Akavaa ndala zake.

Tukatembezwa. Tuliona kitanda cha Sultani, ambacho ili upande unahitaji ngazi ndogo. Mama aliuliza kama Sultani hakuwa anaanguka. Tuliona vioo virefu vilivyoliwa na unyevu, viti ambavyo havikaliwi na saa zilizosimama. Tukashuka kwenye bafu la mawe, lenye dari la duara na vitundu vya kuingizia mwanga, na pale mtembezaji akawa mtu mwingine kwa furaha. Alitueleza jinsi maji yalivyopashwa moto chini ya sakafu, jinsi mke wa Sultani alivyopenda maua ya asumini kwenye maji. Nilimpenda bwana yule. Alikuwa anaipenda kazi yake kama mimi ninavyopenda mshono mzuri. Mama alikuwa anagusa kuta kwa kiganja.

"Maji yalikuwa yanatoka wapi?" akauliza.

"Kisima kipo bustanini. Nitakuonyesheni."

Mama akanishika mkono.

Bustani ile sijui niieleze vipi kwa mtu aliyezoea mikorosho. Kulikuwa na mikarafuu, mishokishoki, mibalungi, maua ya kila rangi yaliyozungushiwa mawe madogo yaliyopakwa chokaa, na njia zilizonyooka walizotembea wake wa mfalme jioni. Kila kitu kimepandwa mahali alipotaka mtu. Kwetu mti wa makaburini wa kumwagia unga unaota wenyewe. Mama alikuwa anatafuta kwa macho, na mimi nilijua anapanga namna ya kumwomba mwenye funguo ruhusa. Kisima kilikuwa mwishoni, nyuma ya bafu, kimefunikwa kwa wavu wa chuma, na bomba la pampu limetumbukizwa ndani.

Mtembezaji akaendelea na maelezo yake. Akasema hapa ndipo watumwa wa kike walipochota maji, asubuhi na jioni. Mama akaitika, "Ee." Akasema walikuwa wengi, waliletwa kutoka bara, kutoka Nyasa na huko kusini kwenu. Mama akaitika, "Ee." Kisha yule bwana akasema, kwa sauti ileile nzuri ya kueleza maua ya asumini, kwamba watu wanalaumu sana wafanya biashara, lakini wengi wa watoto wale waliuzwa na wazazi wao wenyewe wakati wa njaa, kwa kibaba cha nafaka.

"Mwongo!"

Sikuamini kama sauti ile imetoka kwa mama.

"Ulikuwepo? Nakuuliza, ulikuwepo? Uliona nani kamuuza nani? Nshenzi mkubwa we! Unakaa hapa na kanzu yako unasimulia wageni kwamba mama zetu waliuza watoto!" Na mengine, ya Kimwera, ambayo namshukuru Mungu yule bwana hakuyaelewa.

Mtembezaji alirudi nyuma hatua, mkono kifuani, anasema bi mkubwa, bi mkubwa, mie nasema yaliyoandikwa. Walinzi wakaja. Nikamshika mama kiunoni, nikamvuta njia nzima hadi getini, mimi ambaye nilisafiri nimefinywa paja. Ile methali ya nyani kutoona kundule ilinijia mpaka kwenye ulimi. Niliimeza, kwa sababu ni mama yangu.

Nje ya geti alikaa kwenye ukingo wa barabara, akaufungua mkoba, akautazama unga. Hakulia. Alikuwa na hasira na nafsi yake kiasi kwamba midomo ilikuwa imekauka.

"Tuurudishe nyumbani," nikasema. "Umefika, umeona, inatosha. Mwakani tutakuja na mwingine." Wote wawili tulijua kwamba mwakani, na kifua kile, ni neno la kusema tu.

Mama akausogeza mkoba kwangu. "Huu wape kuku," akasema. "Nitafutie ntama."

Mwenyeji wetu alitusikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tukamweleza tulichofuata. Aliingia ndani, akatoka na kinu alichokuwa anatwangia kisamvu, akaanza kukiosha kwa majivu. Kuku wake walikula unga wa Lionja wote. Asubuhi na mapema mimi nilikwenda sokoni, nikatafuta mtama kwa wauza nafaka mpaka nikaupata, mweupe, tofauti na wetu. Nilimwambia mama si wa kwetu. Akauma punje moja.

"Ntama ni ntama. Yeye mwenyewe alikula nini huku, kama siyo wa huku?"

Akaanza kutwanga. Majirani walichungulia ukutani, maana siku hizi nani anatwanga mtama mjini? Kikohozi kikamkamata. Akasimama, akashika kinu, akapumua, akaendelea. Nikachukua mchi wa pili. Hakuwahi kuniruhusu kuugusa unga wa kazi ile maishani mwangu, na nilingoja kufukuzwa. Alinitazama mara moja tu, kisha akanipa zamu. Tukatwanga, mchi wake ukiinuka wangu unashuka, tukapepeta, tukatwanga tena, tukachekecha, bila kusemezana, maana nilikuwa naogopa kwamba nikifungua mdomo nitagombana hata na ungo. Nilikuwa nimeshaacha kufikiria kifua chake na safari ya kurudi. Nilikuwa nataka unga ule ufike. Nilitaka kama ninavyotaka pumzi.

Alasiri tukarudi. Nilikata tiketi nyingine, na nikajiandaa kumwona mama akivua ndala. Hakuvua. Alipanda ngazi zile pana moja kwa moja, akapita mlango wa maua, akapita kitanda, vioo na saa bila kugeuza shingo, mimi nyuma yake. Mtembezaji alikuwa na kundi la wageni. Alipotuona, aliliacha kundi lake na kutufuata mpaka bustanini. Nilidhani anakwenda kuita walinzi.

"Bi mkubwa," akasema tulipofika kisimani. "Jana nilikuudhi. Niwie radhi. Lakini leo hukupiga hodi."

"Jana nilikosea," mama akajibu, na sauti yake ilikuwa tulivu. "Nilipiga hodi kama mgeni. Humu nina ndugu yangu. Alikaa humu, akafa humu. Mwenye ndugu ndani hapigi hodi."

Akamweleza yote, kwa maneno machache: habari ya jina bila kulitaja, mtoto wa Malolo, unga. Yule bwana alisikiliza huku anavua na kuvaa kofia yake. Kisha akatikisa kichwa. Akasema hapana ruhusa ya kuacha kitu chochote bustanini. Akisema sawa leo kwa unga, kesho atakuja mwengine na mbuzi. Yeye ni mtu wa dini, na ni mtu wa kazi.

Nilihisi maneno yakipanda kooni. Nikayashika kwa meno. Mama hakubishana. Aliuweka mkoba chini, akaanza kufungua mafundo ya kanga, moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Yule bwana akatazama mikono ile. Akakohoa.

"Mimi," akasema, "itabidi nikachukue ufagio. Hapa pachafu, majani. Ufagio wenyewe uko kule getini, mbali." Akaondoka taratibu kabisa, akipita kwenye njia za wake wa mfalme badala ya kukata katikati.

Mama akapiga magoti kando ya kisima. Kwanza alisoma dua, viganja vimefunguliwa. Kisha akachota unga kwa mkono wa kulia, akaumimina chini kidogo kidogo, mpaka ukawa kichuguu kidogo cheupe kwenye udongo ule mwekundu. Halafu akalitaja jina.

Sitaliandika. Sasa lina mwenyewe, na mwenyewe ni mdogo, atakuja kuamua akiwa mkubwa kama anapenda lisomwe na watu. Lakini nitasema kwamba nilishangaa. Miaka yote nilidhani litakuwa jina zito, la kutisha, maana lilifichwa sana. Lilikuwa jina jepesi, la kuitia mtu aje kula.

Mama akampa habari za nyumbani, kama anavyopewa mtu aliyekuwa safarini. Alimwambia nani amekufa, kuanzia mama yake na dada zake, akashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa baba yangu. Akamwambia bonde bado linalimwa, ila siku hizi ni ufuta zaidi na mikorosho. Akamwambia huyu hapa nyuma yangu ni mwanangu, ana mdomo, msamehe. Akamwambia kuna mtoto Malolo hana jina, na tumekuja kuomba lako, kama hukatai. Upepo haukuvuma, hakuna kilichotokea. Sisimizi walikuwa wameshaanza kuubeba unga, na mama alipowaona akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana kwetu unga unaoliwa haraka umepokelewa.

Mtembezaji alikuwa amerudi. Alisimama pembeni, ufagio mkononi, hakusogea.

"Sasa sikiliza maneno uliyoachiwa," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa anaongea kama anavyoongea na watoto wadogo, kwa kuinamisha kichwa. "Mwanangu. Mama yako hakukuuza. Usije ukamsikiliza ntu. Siku ile alikutuma ukaamie ndege kwenye ntama, na yeye alikwenda kukata kuni. Aliporudi alikuta kombeo lako. Alikufuata kwa miguu mpaka alipozuiwa. Kila msimu wa ntama alikuwa anakwenda kukuita palepale, mpaka alipokufa. Hakukuuza, mwanangu. Alikutuma tu ukaamie ndege."

Kuamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka, ni kazi ya watoto. Kwetu hatumpi mtu mzima. Maisha yangu yote nilikuwa namwita bibi, namfikiria ana mvi kama zangu, na kumbe aliyeletwa kwenye kisima kile alikuwa mtoto wa kutumwa na mama yake, ambaye huenda alichota maji ya watu mpaka akazeeka akijiuliza kama aliuzwa. Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya wazungu na mimea ya Sultani, na sikujali.

Mama hakulia. Alijipangusa unga kwenye viganja, akanishika bega ili anyanyuke, na alipokuwa amesimama wima akamgeukia yule bwana mwenye ufagio, ambaye naye alikuwa anatazama chini.

"Haya," akamwambia. "Fagia."